Kizigua Kilichokwenda Juba Kikarudi

Mapema miaka ya 1990, vita vya Somalia vilipopamba moto, Handeni ilipokea wageni. Walikuwa wametoka bonde la mto Juba, kusini kabisa mwa Somalia. Wengine walikimbia kwa boti wakashukia Mombasa na Tanga, wengine walipita nchi kavu wakivuka Kenya. Karatasi ziliwaita wakimbizi wa Kisomali. Wakapewa kambi ya Mkuyu, na kwa kawaida mgeni wa namna hiyo huhitaji mkalimani. Hawa hawakuhitaji. Walizungumza Kizigua.

Hakikuwa Kizigua cha Handeni neno kwa neno. Maneno ya Kisomali yalikuwa yamejipenyeza humo, na mzee wa Handeni angeweza kuwatambua kwa lafudhi hata akiwa amefumba macho. Lakini walielewana. Na katika wageni wale hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuiona Handeni, wala mama yake, wala bibi yake. Mababu zao walikuwa wameondoka huku katika miaka ya 1830. Muda wote huo hawakuwa na kitabu cha Kizigua, hawakuwa na shule ya Kizigua, hawakuwa na kanisa wala msikiti uliohubiri kwa Kizigua. Sasa kilifikaje, kimepita wapi?

Habari yenyewe inaanza na njaa. Katika miaka ya 1830 mvua zilikatika Uzigua, nchi ya tambarare kavu iliyo kati ya mto Pangani na mto Wami, nchi ambayo hata leo mkulima wake hulima macho yakiwa juu. Mahindi na mtama vikakauka. Watu wakateremka pwani kutafuta chakula, na pwani wakakuta wafanyabiashara wenye majahazi. Masimulizi ya Wazigua wa Juba yanasema kwamba mababu zao walidanganywa: waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wapande tu. Wengine walijiweka rehani wao wenyewe au kuwatoa watoto wao ili wasife. Majahazi yakapandisha tanga kuelekea kaskazini, pwani ya Banadir, kwenye bandari za Barawa, Marka na Mogadishu, ambako mashamba ya bonde la mto Shabelle yalikuwa na njaa ya namna nyingine, njaa ya mikono ya kulima. Waliopanda wakijidhani vibarua walishuka wakiwa watumwa.

Kwa habari ya lugha, jambo lililotokea hapo ni la kutazamwa kwa makini. Biashara ya utumwa kwa kawaida huzichanganya lugha hadi zikafa. Kule Haiti, kwa mfano, watu waliletwa kutoka pembe nyingi za Afrika Magharibi na ya Kati, wakatupwa shamba moja, mmoja haelewi la mwenzake. Watoto waliozaliwa huko wakaokota vipande vya Kifaransa na vya lugha za wazazi wakaunda Kikreoli, lugha kamili ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Mtoto ndivyo alivyo. Haachiwi urithi wa lugha kama anavyoachiwa shamba. Huchukua ile inayosemwa na wengi uwanjani anapochezea, na kama haipo iliyokamilika huikamilisha mwenyewe.

Wazigua walipata bahati moja ndani ya balaa: njaa iliwazoa kwa mkupuo. Walifika Shabelle wengi, wa kabila moja, katika kipindi kimoja. Mtoto wa Kizigua aliyezaliwa pale hakukisikia Kizigua kwa mama yake tu. Alikisikia kwa mjomba, kwa jirani, kwa watoto wenzake, kwa bibi anayegomba. Lugha inayosemwa na mama peke yake hufa na mama. Inayogombewa na kutaniwa na kijiji kizima huwa ngumu kuing'oa.

Baada ya miaka kadhaa, kiasi cha miaka ya 1840, kundi kubwa likatoroka. Masimulizi yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha, mganga na mwenye kuona mbali. Nia yao ilikuwa kurudi Uzigua kwa miguu, wakifuata kusini. Walipofika mto Juba ardhi ikatetemeka. Wanankhucha akaisoma ishara ile kuwa wasiendelee, wakae papo hapo. Wakaingia katika msitu mnene wa kandokando ya mto, wenye mbung'o wengi kiasi kwamba wafugaji wa Kisomali na mifugo yao waliukwepa. Kisomali kiliuita Gosha, maana yake pori. Ukitaka kujua kwa nini Kizigua kiliishi, mshukuru Wanankhucha, lakini usimsahau mbung'o.

Gosha haikuwa ya Wazigua peke yao. Watoro wengine walimiminika humo, Wayao, Wamakua, Wangindo, Wanyasa, na mwishoni mwa karne ya 19 mkuu aliyetajika kuliko wote alikuwa Nassib Bundo, ambaye hakuwa Mzigua, na ambaye baadaye alifia katika jela ya Waitaliano mjini Mogadishu. Vijiji vilivyochanganya makabila hayo vilitumia Kiswahili kwa muda, kisha watoto wao wakahamia Kisomali na Kimaay, lugha za majirani. Kiyao na Kimakua vikazimika pale mtoni. Vijiji vya Wazigua, vya Juba ya chini kuelekea Jamaame, vilikaa pamoja, vikaoana, vikaendelea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, vikacheza ngoma zao za kuwatoa wali. Wanawake ndio waliokuwa na sauti katika mambo hayo, na wanawake ndio wanaokaa na mtoto miaka ile ambayo lugha inaingia.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana miaka hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa tayari ameizoea mizani ya sauti ya mama yake, kwa kuwa aliisikia tumboni. Kwa miezi ya mwanzo sikio lake ni la watu wote: anaweza kutofautisha sauti za lugha asiyowahi kuisikia, hata zile ambazo wazazi wake wenyewe hawawezi. Kufikia mwaka mmoja sikio limeshajifunga. Limechagua tofauti zenye maana kwao na kuzitupa nyingine. Janet Werker na Richard Tees waliyaonyesha hayo mwaka 1984 kwa watoto wa Kanada. Huko Nairobi Kamil Deen aliwarekodi watoto wadogo wanaojifunza Kiswahili na kutoa kitabu mwaka 2005; ukiwasoma watoto wale unawaona wakiivunja na kuijenga upya ile minyororo ya viambishi, ni-na-ku-, ambayo sisi watu wazima tunaitamka bila kuifikiria. Hakuna aliyewaambia kiambishi ni nini.

Kizigua kina jambo gumu kuliko minyororo hiyo. Ni lugha ya toni, yaani sauti kupanda au kubaki chini hubeba sehemu ya neno. Chukua vitenzi viwili. Kudamanya ni kufanya. Kulombeza ni kuomba, na Mswahili akilitazama vizuri atamwona ndugu yake ndani: sisi tulisema lomba zamani, tukaidondosha ile l ikabaki omba, kama tulivyoidondosha katika Mzigula tukamwita Mzigua. Kudamanya hutamkwa chini mwanzo hadi mwisho. Kulombeza kina sauti moja ya juu, inaangukia mbe. Sasa ongeza viambishi. Kulombezeza, kuombea: sauti ya juu imehama, iko kwenye ze. Kulombezezana, kuombeana: imehama tena, iko kwenye na iliyo mwisho? Hapana, iko kwenye za, silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ile ni mali ya mzizi, lakini haikai kwenye mzizi; husafiri hadi karibu na mwisho wa neno, neno lirefuke litakavyo. Na kudamanya ukikirefusha vipi hubaki chini vilevile, kwa kuwa mzizi wake hauna sauti ya kusafirisha.

Wanaisimu wawili wa Kimarekani, Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth, waliandika uchambuzi mrefu wa jambo hilo mwaka 1990, na tangu hapo Kizigua kinafundishwa katika madarasa ya fonolojia mbali sana na Tanga. Kisseberth huyohuyo, kwa njia nyingine, ametumia miaka mingi akikichunguza Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya watu wa mji wa Barawa, na pamoja na Mohammad Imam Abasheikh wakatoa kamusi yake mwaka 2004. Barawa ni mojawapo ya bandari ambako majahazi yalishusha Wazigua. Sijui msomi mwingine aliyeyashika maneno ya pande zote mbili za habari hii namna hiyo.

Profesa alihitaji kurasa nyingi kueleza safari ya ile sauti. Mtoto wa miaka minne pale Jamaame aliijua. Ndiyo mizigo ya lugha iliyovuka bahari bila kupakiwa: hakuna mtumwa aliyeweza kumweleza mwanawe kanuni ya toni, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kwamba anayo.

Wasomali waliwaita watu hawa Mushunguli, jina ambalo ndani yake bado unasikia Mzigula. Waliwaita pia majina mengine yasiyo mazuri: jareer, wenye nywele ngumu, adoon, mtumwa. Na moja nimelikumbuka kila nilipoandika sentensi za habari hii: ooji. Inasemekana limetoka katika Kiitaliano, oggi, maana yake leo. Aliyeitwa ooji alikuwa anaambiwa kwamba akili yake haivuki leo, hafikirii ya kesho wala ya jana. Wanaambiwa hayo watu wanaoshika habari za njaa ya miaka ya 1830, jina la mwanamke aliyewatoa, na tetemeko lililowasimamisha! Mwaka 1953 mtaalamu wa Kiitaliano Vinigi Grottanelli alipochapisha mapokeo yao ya historia, alikuwa anachota katika kisima cha watu walioitwa watu wa leo.

Neno kama ooji linatukumbusha kwamba lugha hukata fikra kwa njia mbili. Moja ni hii ya majina: jina likiwekwa, mwenye kulitumia huacha kutazama. Nyingine iko chini zaidi, katika sarufi, na haina matusi. Benjamin Whorf, aliyekuwa mkaguzi wa bima ya moto huko Hartford, Marekani, alijipatia sifa kwa kusema kwamba sarufi ya lugha humtengenezea msemaji wake ulimwengu. Wengi sasa wanaona alikwenda mbali mno. Hakuna lugha inayomzuia mtu kufikiri jambo. Dan Slobin wa Berkeley alilipunguza dai likawa la kuaminika: lugha haikuzuii, ila kila unapofungua kinywa hukulazimisha uamue mambo fulani. Sisi tunalijua hilo bila Berkeley. Nyumbani pana watu, nyumbani kuna watu, nyumbani mna watu. Huwezi kusema wapo nyumbani bila kuamua kama unaiona nyumba kuwa mahali panapojulikana hasa, au eneo tu, au kitu chenye ndani. Kizigua na Kisambaa vina mgawo huohuo wa mahali mara tatu. Mtoto wa Juba aliyekisema Kizigua aliendelea kuigawa dunia hivyo, katikati ya majirani ambao lugha yao haigawi namna hiyo.

Sisemi lugha peke yake ndiyo iliyowafanya wakumbuke kwao. Ubaguzi uliwasaidia pia, kwa ubaya wake: anayekukataa ndoa anakulindia lugha bila kukusudia. Lakini mtu akiambiwa kila siku kwamba hana asili, na kinywani mwake kuna lugha ambayo hakuna jirani anayeisema, atauliza imetoka wapi. Jibu la swali hilo lilikuwa Uzigua.

Tuvuke turudi huku, maana wakati Juba inakihifadhi Kizigua, kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaufuata mstari wa reli, na mashamba yakataka watu. Wenyeji wa karibu, Wazigua, Wasambaa, Wabondei, hawakuitamani kazi ile, wakawa wakilima vyao na kuuza chakula. Basi wakaletwa manamba kutoka mbali, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, Warundi, hasa baada ya ofisi ya kuajiri iliyojulikana kama SILABU kuanzishwa mwaka 1944. Kambi za Korogwe zikawa kama Gosha iliyochanganyika: lugha kumi katika safu moja ya nyumba. Mtoto wa Kibena na mtoto wa Kirundi wakakutana uwanjani, na lugha ya uwanja ilikuwa Kiswahili.

Baba wa mtoto huyo wa kambini alikijua Kiswahili cha kazini, kifupi, cha amri na hesabu. Mtoto akakikamilisha. Na kiliingia pamoja na fikra zake. Kipande, kwa mfano. Ile kadi ya kazi ilikuwa na siku 30, lakini ni siku ulizofanya kazi, wala si siku za kalenda. Ukiugua au ukikosa, kipande kinangoja. Mwezi wa shamba ukaachana na mwezi wa angani. Ukimuuliza mtu amekaa shamba la Magunga muda gani angeweza kukujibu kwa vipande. Kizazi kizima kiliupima wakati kwa neno la shamba.

Kizigua cha nyumbani, kwa upande wake, kilipata heshima ambayo cha Juba hakikuipata. Walter Kisbey wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alikichapishia kamusi, Kizigua kwa Kiingereza, mwaka 1906. Kikawa na kamusi, kikawa na nchi yake, kikawa na wasemaji wengi. Kisha ikaja 1967. Mwaka huo Kiswahili kilishika shule za msingi zote, na mwaka huohuo, kwa sadfa, Eric Lenneberg alitoa kitabu chake cha kueleza kwamba mlango wa kujifunza lugha kwa ukamilifu hufungwa kadiri mtoto anavyokaribia kubalehe. Sensa ya 1967 pia ndiyo ya mwisho Tanzania kumuuliza mtu kabila lake. Somalia nayo ilikichagulia Kisomali hati ya Kilatini mwaka 1972 na kukiingiza shuleni, watoto wa Jamaame wakakaa madarasani wakijifunza kuandika lugha ya waliowaita adoon. Nchi mbili, sera zinazofanana.

Mimi si adui wa Kiswahili. Ndicho ninachoandikia, na bila hicho Mmakonde na Msambaa wasingeungana kudai uhuru wala mishahara. Lakini tuwe wakweli kuhusu kilicholipiwa. Kaa sokoni Korogwe siku ya gulio usikilize. Kina mama walioteremka na mboga kutoka milimani wanapatana bei kwa Kisambaa, wauza mahindi kutoka ng'ambo ya mto Pangani wanajibu kwa Kizigua, na wajukuu waliokaa juu ya magunia wanaitwa kwa Kiswahili. Bibi akigeuka kwa mwenzake ni Kizigua. Akigeuka kwa mjukuu, Kiswahili. Anadhani anamsaidia shuleni. Mtoto anaelewa Kizigua chote kinachosemwa juu ya kichwa chake na hajibu hata neno, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa lugha hiyo.

Wageni wa Mkuyu walihamishiwa Chogo, makazi mapya yaliyojengwa kwa ajili yao wilayani Handeni, na kuanzia mwaka 2009 wakaanza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Wenzao wapatao 12,000 waliobaki Kenya walichukuliwa na Marekani kuanzia 2003, wakatawanywa katika miji kama Columbus, Salt Lake City na Boise, wakiwa wamekataliwa au kungojeshwa kwanza na nchi walizoziita za mababu. Watoto wa Columbus wanakwenda shule ya Kiingereza. Watoto wa Chogo wanakwenda shule ya Kiswahili. Msitu hakuna, mbung'o hakuna, na wanaokukataa ndoa hawapo. Kizigua kilichodumu ugenini zaidi ya miaka 150 sasa kiko nyumbani, ambako hakuna kinachomzuia mtoto kukiacha.

Ukiwa na bibi Handeni, au Korogwe ng'ambo ya mto, au Chogo, ukienda kumsalimu mwambie akutamkie maneno mawili, kudamanya na kulombeza, kisha ayarefushe. Kwa sikio la Kiswahili yatakuwa sawa, yote mawili yameegemea silabi ya pili kutoka mwisho. Mpe mwanao wa miezi mitatu asikilize. Yeye ataisikia tofauti.